Dusty Baker: Mzee wa kijiti mdomoni aliyelisubiri kombe miaka 29

Straika akifunga, mwenzake anamkimbilia kiganja kikiwa juu, wanagongana, paa! Nipe tano. Wikiendi haipiti bila kuiona, iwe Kwa Mkapa au Old Trafford, na ni wachache wanaojiuliza ilitoka wapi.

Wamarekani wanasimulia kuwa ilianzia kwenye besiboli, Oktoba 2, 1977, jijini Los Angeles. Siku hiyo Dusty Baker wa Dodgers aliupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja, pigo lake la 30 la aina hiyo msimu ule. Aliporudi alimkuta kinda Glenn Burke anamsubiri mkono ukiwa hewani. Baker akaona la kufanya ni kuupiga tu ule mkono. Wapo wanaobisha kwamba ndiyo ilikuwa ya kwanza, lakini hakuna hadithi nyingine inayosimuliwa sana kama hiyo. Wapinzani siku ile walikuwa Houston Astros. Jina hilo litarudi.

Jina lake la kwenye vyeti ni Johnnie B. Baker Jr, mzaliwa wa California, Juni 15, 1949. Dusty, yaani mwenye vumbi, ni jina alilopewa na mama yake kwa sababu alikuwa habanduki kwenye vumbi la uani. Mwaka 1967 Atlanta Braves walimchukua kwenye raundi ya 26 ya usajili wa vijana, kule ambako vigogo wengi huwa wameshaacha kusikiliza majina.

Kijana mweusi wa miaka 18 kupelekwa Marekani ya kusini miaka ile halikuwa jambo dogo. Staa wa timu, Hank Aaron, alimwahidi mama yake kuwa atamlea kama mwanawe, na akafanya hivyo. Aprili 8, 1974, Aaron alipovunja rekodi ya Babe Ruth ya mapigo 714 ya kuvuka uzio, baada ya miezi ya kupokea barua za kutishiwa kuuawa kwa sababu ya rangi yake, mchezaji aliyekuwa amesimama na gongo akisubiri zamu inayofuata alikuwa Baker.

Kama mchezaji alimaliza vizuri: misimu 19 ligi kuu, mapigo 242 ya kuvuka uzio na ubingwa wa 1981 akiwa na Dodgers. Kisha akaingia benchi la ufundi, na hapo ndipo mateso yalipoanza.

MESEJI YA SAN FRANCISCO

Kule kocha mkuu huitwa meneja. San Francisco Giants walimpa kazi hiyo mwaka 1993, na msimu wake wa kwanza akashinda mechi 103 kati ya 162. Timu ya namna hiyo unaitegemea itapita. Haikupita. Braves, waliomlea, walishinda 104, na enzi hizo aliyeongoza kundi ndiye pekee aliyesonga mbele.

Mwaka 2002 akafika fainali, World Series, dhidi ya Angels. Fainali hiyo si mechi moja. Mnakutana hadi mara saba, na anayetangulia kushinda nne ndiye bingwa. Besiboli haina dakika 90 wala za nyongeza, unachohesabu ni wapigaji 27 wa mpinzani unaotakiwa kuwatoa. Giants walikuwa wanaongoza 3-2, na mechi ya sita wanaongoza 5-0. Wamebaki wanane tu kuwatoa. Angels wakarudi, wakashinda 6-5, kesho yake wakabeba kombe.

Kilichokumbukwa zaidi kwenye fainali hiyo ni mwanawe Darren, wa miaka mitatu, aliyekuwa mwokota magongo. Katika mechi ya tano alikimbilia gongo wakati wachezaji wanakuja mbio, J.T. Snow akamdaka kwa koti na kumnyanyua. Baadaye ligi ikaweka sheria kwamba waokota magongo wasiwe chini ya miaka 14.

Mwaka uliofuata akahamia Chicago Cubs, timu iliyokuwa haijabeba ubingwa tangu 1908. Nusu fainali, anaongoza 3-2, mechi ya sita anaongoza 3-0, wamebaki watano kuwatoa. Shabiki mmoja akanyoosha mkono kwenye mpira uliokuwa unaelekea kwa mchezaji wa Cubs. Dakika chache baadaye ubao ukasoma 8-3, na Cubs wametolewa katika mechi ya saba.

Hapo ndipo jina la mkosi lilipomganda. Alilaumiwa pia kwa kuwatumikisha mno warushaji wake vijana, Kerry Wood na Mark Prior, na lawama hiyo haikuwa ya kuonewa. Lakini mkosi haushindi mechi 90 na kitu mara kwa mara. Cincinnati Reds walimtimua 2013 baada ya msimu wa ushindi 90. Washington Nationals aliwapa ushindi 95, kisha 97, akaonyeshwa mlango. Miaka miwili baadaye, 2019, Nationals wakawa mabingwa kwa kuwafunga Houston Astros.

KAZI ISIYO NA MWENYEWE

Januari 2020 Astros walikuwa timu inayochukiwa kuliko zote Marekani. Ilibainika kuwa msimu wa 2017, waliotwaa ubingwa, walitumia kamera kuiba ishara za wapinzani. Meneja na bosi wake wakafungiwa, kisha wakafukuzwa. Nani wa kwenda kuzomewa kila uwanja kwa dhambi ya wengine? Wakampigia mzee wa miaka 70, anayetafuna kijiti cha meno benchini, ambaye kwa miaka miwili hakuna aliyempa timu.

Mwaka 2021 akaipeleka fainali na kuwa meneja wa kwanza kuongoza timu tano tofauti hadi ubingwa wa kundi. Akafungwa na nani? Braves. Aaron hakuwepo kushuhudia, alikuwa amefariki Januari mwaka huo.

Novemba 5, 2022, Houston, mechi ya sita dhidi ya Philadelphia Phillies. Astros wako nyuma 1-0. Yordan Alvarez akapiga mpira ukapaa juu ya ukuta wa kati, tatu kwa mpigo. Wakashinda 4-1. Baker, miaka 73, akawa meneja mkongwe zaidi kutwaa World Series, na wa tatu mweusi. Ilikuwa msimu wake wa 25 benchini.

Alistaafu mwishoni mwa 2023 akiwa na ushindi 2,183. Septemba 1, 2024, Nationals, walewale waliomtimua, walimwingiza Darren kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, dhidi ya Cubs. Mpira wa kwanza aliorushiwa akaupiga, akafika kituo cha kwanza akiwa salama.