Unamwandikia nani?

Majuzi nilisoma mswada wa msichana mmoja wa hapa Kampala. Katika ukurasa wa kwanza mama anamenya matoke, na papo hapo hadithi inasimama ili tuelezwe kwamba matoke ni ndizi mbichi za kupika, chakula kinachopendwa sana nchini Uganda. Wahusika wote ni watu wa Kampala. Waliousikia mswada kwanza ni wenzake wa warsha, ambao mchana huo walikuwa wamekula matoke hayohayo. Nikamuuliza, "Hapa unamweleza nani?" Akafikiri, kisha akajibu, "Sijui, mwalimu. Nilihisi kuna mtu ananitazama."

Sisi wahariri tunakutana na mtu huyo kila wiki. Hana jina wala sura, lakini nyayo zake hazifichiki: maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba, neno "pengine" kila sentensi inapokaribia ukweli, mama mkwe asiye na kosa hata moja, maneno mazito yaliyookotwa kwenye hotuba. Wengi hudhani woga wa kuandika ni kushindwa kuanza. Ninaouona mimi umo ndani ya kurasa zilizokwisha kuandikwa, na unaweza kuunyooshea kidole.

Katika mji huu mtu huyo ni mwenyeji wa siku nyingi. Juni 1962 Chuo cha Makerere kiliwapokea waandishi wa Kiafrika: walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka, na mwanafunzi wa chuo hichohicho aliyeitwa wakati ule James Ngugi. Mwaliko ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi uleule, hakuwa na kiti pale. Mwaka uliofuata Obi Wali wa Nigeria aliandika katika jarida la Transition, lililotolewa hapa Kampala na Rajat Neogy, kwamba njia ile ya lugha za Ulaya haina pa kutokea. Watu wamebishana juu ya lugha tangu siku hiyo. Mimi naona chini ya ubishi huo kuna swali jingine: msomaji aliyeketi kichwani mwa mwandishi ni nani?

Okot p'Bitek alikuwa na jibu. Utenzi wake maarufu aliutunga kwa Kiacholi, Wer pa Lawino, ingawa tafsiri yake ya Kiingereza ndiyo iliyotangulia kuchapishwa, Nairobi, 1966. Tazama Lawino anasema na nani. Anasema na mumewe, Ocol, na anawaita watu wa ukoo wake wasikie. Hahutubii ulimwengu. Ana mtu mbele yake, anamjua tabia na udhaifu, kwa hiyo hana haja ya kumfafanulia kibuyu ni nini. Maneno yake yanatoka yakiwa ya moto kwa sababu yanajua yanakokwenda.

Jennifer Nansubuga Makumbi alifanya vivyo hivyo miaka mingi baadaye. Riwaya yake Kintu inasimulia kuanzia Buganda ya mwaka 1750 hadi Kampala ya 2004, na enzi ya Waingereza, ambayo msomaji wa Ulaya angetarajia kujiona ndani yake, ameiruka karibu yote. Wachapishaji wa Uingereza waliikataa. Ilikuwa ya Kiafrika mno kwao. Ikashinda tuzo ya miswada ya wachapishaji wa Kwani? mwaka 2013, ikachapishwa Nairobi mwaka uliofuata, na Uingereza ikaichapisha 2018. Nauheshimu sana ule muda wa katikati, ambapo ingekuwa rahisi kuongeza Mzungu mmoja ili mlango ufunguke.

Woga wa nyumbani ni mgumu zaidi. Mchapishaji wa London hakufahamu, shangazi anakufahamu. "Watu watasema nini" ni sauti ya ukoo, ya kanisa au msikiti, ya jirani wa ng'ambo ya ua. Hapa nawashukuru FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa 1995. Mwaka 2003 walitoa Tears of Hope, visa vya kweli vya wanawake wa vijijini, mambo ambayo familia nyingi huyafungia ndani. Na katika mtaa wa Kamwokya wamekuwa wakikutana Jumatatu jioni kusomeana kazi. Kusoma mbele ya watu kumi unaowaamini humpunguzia nguvu yule mtazamaji wa kufikirika, maana sasa umeona nyuso za kweli, na nyingine zinalia pamoja nawe.

(Woga wa dola siuchanganyi na huu. Mwaka 2019 mshairi Stella Nyanzi alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa ajili ya shairi. Hilo linahitaji mawakili, na sitamwambia mtu yeyote ajipe moyo tu.)

Ninachowashauri wanafunzi wangu ni kuitenga saa ya rasimu na saa ya uhariri. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, waandike juu ya jambo lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache zaidi. Nalitaja lile la kujisikia vibaya makusudi, kwa sababu wengi hulichukua kuwa dalili ya kukosea na kuchana karatasi. Usichane. Kuamua nani asome, na siri ya nani uiombee ruhusa kwanza, ni kazi ya siku nyingine.

Msichana wa matoke nilimwomba aandike upya, safari hii akimsimulia dada yake mdogo peke yake. Alirudi baada ya siku nne. Maelezo ya ndizi hayakuwepo. Mama alikuwa jikoni, matoke yanaungua chunguni, na hakuna mtoto aliyethubutu kwenda kuyaepua kwa sababu baba alikuwa amesimama mlangoni.