Betri Kavu: Kwa Nini Ikiisha Haifufuki

Mtu atembeaye usiku katika njia za Mutomo au Kibwezi huijua thamani ya tochi, kwani nyoka haonekani gizani. Naye mkulima wa Kitui na Makueni, ambaye hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, hupenda kusikia redioni habari za mvua hizo. Ingawa taa za jua zimeenea siku hizi, ziko bado tochi na redio zitumiazo betri kavu, ambazo wengi huziita mawe.

Je, nguvu ya betri hutoka wapi? Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri yenye maji ndani ya chupa, na katika miaka ya 1880 Mjerumani Carl Gassner akaifanya kavu. Betri ya namna hiyo ni kopo dogo la zinki. Katikati yake mna kijiti cheusi cha kaboni, kilichozungukwa na unga wa manganizi uliotiwa dawa yenye unyevu. Tochi ikiwashwa, zinki huliwa polepole na dawa, na katika kuliwa huko hutoa umeme upitao katika balbu na kurudi kwa njia ya kijiti. Betri moja hutoa volti 1.5; mbili zikifuatana hutoa volti 3.

Wako watu waanikao juani betri zilizochoka. Kweli huamka kidogo, lakini jua haliongezi kitu. Joto huharakisha tu dawa iliyosalia. Zinki iliyokwisha kuliwa hairudi. Kwa hiyo betri hii haichajiwi, wala isitiwe motoni, maana yaweza kupasuka na kumwumiza mtu.

Yafaa pia kukumbuka haya. Usichanganye betri mpya na kuukuu. Betri isiyotosha kuwasha tochi yaweza kuendesha saa ya ukutani kwa muda, kwa kuwa saa hutumia umeme kidogo. Iliyokwisha kabisa itolewe upesi, kwani kopo likitoboka dawa huvuja na kuharibu redio.

Zaidi ya yote, betri ndogo zilizo kama vifungo ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akiimeza, yaweza kuunguza koo lake kwa muda wa saa mbili tu. Asingojewe mpaka alie. Apelekwe hospitali mara moja.