Hali ya Hewa ya Herndon Siyo ya Mlimani



Kila ifikapo Januari watoto wetu hudai wapelekwe kuteleza juu ya theluji. Nasi huchungulia dirishani tu, kisha tukashika njia ya I-66 na I-81 hadi Massanutten, mwendo wa saa mbili hivi. Jumamosi moja majira ya baridi yaliyopita tulifanya hivyo. Herndon tuliacha manyunyu. Tulipokaribia Harrisonburg barabara iling'aa kama kioo, na gari lililotutangulia likageuka likatutazama uso kwa uso. Tulirudi salama, alhamdulillah, watoto wakilia nyuma. Kosa lilikuwa letu.

Sisi tuliosoma jiografia kwa mfano wa Kilimanjaro, kisha tukaisomesha miaka mingi, twajua kwamba ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6 za sentigredi. Ndiyo sababu Kibo, chenye mita 5,895, kina barafu karibu na Ikweta. Kilele cha miteremko ya Massanutten kiko karibu mita 900 juu ya bahari. Herndon haifiki 150. Tukatarajia huko baridi zaidi, na theluji.

Kanuni hiyo haitimii kila siku. Hewa baridi itokayo kaskazini ni nzito; hujibanza mashariki ya safu za Appalachia na kutuama mabondeni kama maji katika beseni, ilhali hewa vuguvugu ya kusini hupita juu yake. Siku hizo kilele huweza kuwa na joto kuliko bonde. Theluji ipitapo katika tabaka hilo huyeyuka ikawa mvua, kisha hugusa lami iliyo chini ya sifuri, yaani 32 kwa kipimo cha hapa, na kuganda papo hapo. Ndiyo iliyotukuta.

Jambo jingine ni kwamba theluji nyingi ya miteremko hii hutengenezwa kwa mashine zinazorusha maji hewani. Hapa mwalimu mzuri ni mtungi. Maji hupenya udongo wake, yakawa mvuke, na yaliyobaki ndani yakapoa. Hewa ikiwa kavu hupoa zaidi, na siku za masika hayapoi sana. Matone ya mashine hupoa vivyo hivyo. Katika hewa kavu hugeuka theluji hata joto likiwa nyuzi 1 juu ya sifuri. Katika ukungu, nyuzi 1 chini ya sifuri haitoshi. Basi usiku mkavu na mweupe wa nyota huahidi mteremko mzuri kuliko siku ya mawingu.

Wapo wanaosema kutabiri mvua ni kudai ghaibu. La hasha, ni hesabu ya upepo, joto na unyevu, na mwenye kuhesabu mwenyewe husema asilimia 60, hasemi yakini. Tena wahesabuji hao ni majirani zetu: ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa iko Sterling, kando ya uwanja wa ndege wa Dulles, nayo ndiyo itoayo utabiri wa Massanutten, saa kwa saa.

Tusome wa mlimani na wa bondeni pia, jioni na tena baada ya Alfajiri, kwani hubadilika usiku. Yakitajwa maneno "freezing rain" popote njiani, tubaki nyumbani. Safari ya watoto iliyoahirishwa itakuwa Jumamosi ya kwanza isiyo na maneno hayo, insha Allah.