Uvimbe wa Taya kwa Watoto: Virusi Pekee Havitoshi

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ana saratani inayohusishwa na virusi, huuliza mambo mawili: amevipata wapi, na je, atawaambukiza wenzake? Kwa limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha taya za watoto wa magharibi mwa Kenya, majibu hayo hayapaswi kumtia mtu hofu wala aibu. Virusi vinavyohusika, vya Epstein-Barr, huenea kwa mate. Karibu kila mtoto wa eneo hili huwa ameshavipata kabla ya kutimiza miaka 3, na wengi mno huishi navyo hadi uzeeni bila saratani yoyote. Hoja yangu ni kwamba virusi hivi vina hatia, lakini havifanyi kazi peke yao. Mshirika wao mkuu ni malaria, na hapo ndipo penye nafasi yetu ya kuwakinga watoto.

Ushahidi wa kwanza ulitokana na ramani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandikia uvimbe huu makala mwaka 1958. Mwaka 1961, yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona. Ilidhihirika kwamba katika nchi za ikweta uvimbe huo huadimika sana juu ya mita 1,500 hivi. Kwetu, mstari huo unapita kati ya miji miwili jirani: Bungoma iko kwenye mita 1,400 hivi, na Kitale karibu 1,900. Watoto wa juu na wa chini wote wana virusi. Kinachotofautiana ni mbu, kwa kuwa baridi hudumaza mbu pamoja na vimelea vya malaria.

Msomaji makini atauliza: kama kila mtu ana virusi hivi, kwa nini tusiseme vimekutwa tu mahali pa tukio? Jibu liko ndani ya uvimbe wenyewe. Anthony Epstein, aliyemsikiliza Burkitt akihutubia London mwaka 1961, aliviona yeye na wenzake Achong na Barr mwaka 1964 katika seli zilizokuzwa kutokana na uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Katika maeneo yenye malaria nyingi, karibu kila uvimbe wa aina hii huwa navyo, tena vya ukoo mmoja katika seli zote, ishara kwamba viliingia kabla seli ya kwanza haijaanza kuzaana ovyo. Isitoshe, huko West Nile, Uganda, watoto wapatao 42,000 walitolewa damu wakiwa wazima, kisha wakafuatiliwa. Wale waliokuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya virusi hivi walikuwa na hatari ya kuugua baadaye takriban mara 30 ya wenzao.

Ushirika wenyewe hufanyika katika seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli hizo zizaane kwa wingi huku zikikata na kuunga upya jeni zao. Mara chache kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC huungwa pasipo mahali pake, aghalabu kwenye kromosomu ya 14, na seli huanza kugawanyika bila breki. Kwa kawaida seli iliyoharibika hivyo hujiua, lakini virusi huweza kuizuia isife. Malaria pia hudhoofisha kinga inayovidhibiti virusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wachanga huko Kisumu, penye malaria nyingi, walikuwa wameambukizwa virusi hivyo kabla ya miezi 6. Kwenye milima ya Nandi walikuwa karibu mmoja kati ya 8.

Wapo wanaosema ushahidi dhidi ya malaria ni wa kimazingira tu, na wana haki ya kusema hivyo. Huko Mara, Tanzania, watoto walipopewa klorokwini kati ya 1977 na 1982, saratani hii ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya mpango huo. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka virusi vya Epstein-Barr katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa mwaka 1997, ilhali malaria kali ya mwaka mzima iliwekwa mwaka 2012 katika kundi la yale yanayoelekea kusababisha. Hata hivyo, chandarua na chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, Bungoma ikiwemo, zina faida yake hata kama Burkitt asingezaliwa.

Wengine watataja virusi vya papiloma. Hivyo navyo huleta saratani ya koo, hasa kwenye mafindofindo na shina la ulimi, lakini kwa kawaida kwa watu wazima. Wasichana waendelee kupata chanjo yake ili wajikinge na saratani ya mlango wa kizazi, lakini haiwezi kuzuia uvimbe wa Burkitt.

Linalobaki ni kuwahi. Mtoto wa miaka 6 kulegea meno ya mbele ni jambo la kawaida. Magego kulegea katika umri huo, bila kuoza, huku ufizi ukivimba, si kawaida, na kuyang'oa tu ni kupoteza siku za thamani. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu hiyohiyo ya kukua haraka, huyeyuka haraka kwa dawa kama siklofosfamidi, na katika nchi tajiri watoto wengi sana hupona. Yeyote anayeona taya la namna hiyo, awe mzazi, mwalimu au tabibu wa zahanati, ampeleke mtoto hospitali ya kaunti bila kungoja, ili apewe rufaa hadi Hospitali ya Moi, Eldoret. Virusi hatuwezi kuvikwepa, kuchelewa tunaweza.