Kiharusi cha Kijana Kitafutwe Moyoni

Kijana wa miaka 30 mkazi wa Kalangalala, mjini Geita, akipooza upande mmoja ghafla, swali la kwanza la ndugu na la tabibu huwa ni presha. Ni swali sahihi, kwa kuwa presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi nchini. Lakini presha ikikutwa ya kawaida, na picha ya CT ikaonyesha kwamba mshipa wa ubongo umeziba, haukupasuka, basi kipimo kinachofuata kiwe eko, yaani ultrasound ya moyo, tena kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Takriban kiharusi kimoja kati ya vitano vya mshipa kuziba huletwa na donge la damu lililosafiri kutoka moyoni, na kwa vijana wetu ipo sababu ya kuushuku moyo zaidi.

Sababu hiyo ni ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Mtoto huumwa koo kwa bakteria wa streptokoka, hatibiwi kwa penisilini, na kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria hao hugeukia vali za moyo. Miaka mingi baadaye vali ya mitrali, iliyo kati ya chemba mbili za kushoto, huwa imekakamaa na kubana. Damu hurundikana chemba ya juu, chemba hutanuka, mapigo hupoteza mpangilio, na damu iliyotuama mle huganda. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kuwa mapigo hayo yasiyo na mpangilio huongeza hatari ya kiharusi takriban mara 5. Yakiambatana na vali ya rumatiki, mara 17. Vali iliyobana huonekana waziwazi kwenye eko. Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoanzisha kipimo hiki mjini Lund, Sweden, mwaka 1953, Edler alikuwa akitafuta njia ya kuwachunguza wagonjwa wa vali hiyohiyo. Kwenye eko huonekana pia moyo uliolegea wa mama aliyejifungua karibuni, ambamo donge hukaa chemba ya chini, na uoto wa bakteria juu ya vali, ambao tiba yake ni antibayotiki.

Wapo watakaosema kwamba eko ya kifuani haikioni vizuri kifuko cha pembeni mwa chemba ya juu, yanakojificha madonge mengi, na kwamba inayokiona ni ile ya kupitia umio. Ni kweli. Ila kwa mwenye vali iliyobana sana na mapigo yaliyovurugika, hatuhitaji kuliona donge lenyewe ili kuamua dawa. Penye tahadhari ni eko inapokuwa safi: ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, irudiwe, maana mapigo huweza kuvurugika kwa saa chache kisha yakatulia. Mashaka yakibaki, mgonjwa apelekwe kwa wabobezi wa hospitali ya Bugando, Mwanza, safari ambayo daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limeiondolea foleni ya kivuko.

Pingamizi zito zaidi ni hili: eko ina faida gani pasipo tiba? Kwa mwenye vali iliyobana na mapigo yaliyovurugika aspirini haitoshi. Anahitaji warfarini, inayodai damu ipimwe mara kwa mara, kwani ikizidi huvujisha damu na ikipungua haikingi. Dawa mpya zisizodai kipimo hicho zilionekana kuwa jibu, lakini utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa rumatiki katika nchi 24, ulikuta vifo vichache zaidi kwa waliotumia dawa za kundi la warfarini kuliko kwa waliotumia rivaroxaban. Kwa hiyo bajeti inayonunua mashine ya eko inunue pia vitendanishi vya INR, yaani kipimo hicho cha damu cha warfarini, na kliniki ya kuwafuatilia wagonjwa hao iwe Geita kwenyewe.