Radi Inayopanda Juu

(Mlio wa radi. Muziki unashuka.)

Mama unayeanua nguo kabla ya mvua, kijana uliye malishoni, mwanafunzi unayesoma maandishi haya katika darasa la turubai: kipindi ni chako. Leo tunazungumzia radi, na si ile tu inayoshuka. Kuna nyingine inayopanda.

Hapa Buteba, kati ya Busia na Tororo, radi si mgeni. Kumbukumbu za Tororo za mwaka 1967 hadi 1976 zinaonyesha wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya siku mbili katika kila siku tatu. Nanyi mliotoka Kivu mnaijua pia. Kwa hesabu ya setelaiti iliyochapishwa mwaka 2016, eneo lililo karibu na Kabare liliongoza Afrika nzima: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba, kila mwaka.

Yote huanza na joto na unyevu. Jua hupasha ardhi, upepo huleta unyevu wa Ziwa Victoria, hewa yenye joto hupanda, na wingu hujengeka hadi kilomita 15 au zaidi. Huko juu maji huganda. Chembe nyepesi za barafu hugongana na zile nzito. Nyepesi hubaki na chaji chanya na kupeperushwa juu kabisa. Nzito hubaki na chaji hasi katikati ya wingu. Hewa huzitenganisha mpaka inaposhindwa. Hapo ndipo umeme unaporuka.

Mara nyingi huruka ndani ya wingu au hushuka ardhini. Lakini chaji ya juu ikipungua kuliko ya katikati, mizani huharibika. Umeme ulioanzia ndani hautosheki tena huko juu. Hutoboa mgongo wa wingu na kupanda hadi kilomita 80 au 90. Kuna pia michirizi midogo ya buluu, inayofika kilomita 40 au 50.

Ndugu yake wa tatu huitwa spraiti. Huyu hatoki winguni. Radi kubwa ya chaji chanya inaposhuka ardhini, nguvu ya umeme juu ya wingu hubadilika ghafla. Kwenye kilomita 70 hivi hewa ni nyepesi mno, hivyo nguvu hiyo inatosha kuiwasha. Huwaka nyekundu, mfano wa mizizi inayoning'inia, na kuzimika kabla hujapepesa jicho.

Mwanasayansi C. T. R. Wilson alitabiri jambo hili miaka ya 1920. Marubani waliosema wameuona mwanga huo hawakuaminiwa, mpaka tarehe 6 Julai 1989, kamera ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ilipounasa. Mwaka 2018, chombo kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kilianza kuuchunguza kutoka juu.

Kwa nini tukueleze haya? Kwa sababu bado wapo wanaosema radi hutumwa na mtu. Jirani husingiziwa, na mjane hufukuzwa nyumbani. Msikilizaji, radi inayopanda angani kusiko na mtu, ametumiwa nani? Ni barafu, upepo na chaji. Haina adui.

Lakini inaua. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, radi iliua watu 14 na kujeruhi 34. Walikuwa wamekusanyika kwa ibada katika jengo la muda.

Basi shika haya. Ukisikia ngurumo, imekufikia, usisubiri mvua. Hema, kibanda cha nyasi na mti havikukingi. Kimbilia jengo imara la matofali lenye nyaya za umeme au mabomba ya maji, au gari lililofungwa lenye paa la chuma. Ukiwa ndani, kaa mbali na nyaya, bomba na dirisha. Kama hakuna pa kukimbilia, ondokeni kilimani na majini, na msisongamane. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa habaki na umeme mwilini: mguse, angalia kama anapumua, itisha msaada. Kama hapumui, anza kumbonyeza kifua mara moja.

Na ukitaka kuutafuta ule mwanga mwekundu, subiri usiku wa giza ambapo kwenu kumetulia, na dhoruba inamulika mbali sana upande wa ziwa, kilomita 200 hivi. Usitazame wingu, tazama anga tupu juu yake. Ukianza kusikia ngurumo, acha kutazama. Ingia ndani.

(Muziki wa kufunga.)