Kidevu cheusi cha paka ya depo: ni ugonjwa gani, na tufanye nini



Tangu wiki mbili maneno mingi inatembea katika internati juu ya paka ya depo. Wamoja wanasema iko na ukoma. Wengine wanasema vipele vya uso vya wanafunzi wakubwa vinatoka kwake. Kuna waliokuja mbele ya komite kuomba itupwe ngambo ya mto, na kuna mutu ambaye aliipakaa kidevu mafuta nyeusi ya motere bila kuuliza mutu yeyote. Basi sisi wa komite tuliona heri kuandika jambo hili wazi, juu ya paka ile ikitupwa, ni panya watakaofurahi, na mahindi ya depo ndiyo chakula chetu mpaka mwisho wa trimestre. Tena ikitiwa dawa isiyofaa itakufa, na wale walioitia watasema ilikufa na ukoma.

Kwanza tuangalie kile kilichoko. Mukishika paka ile polepole na kuinua kichwa chake, mutaona chini ya mudomo madoa madogo meusi, sawa na pilipili manga iliyosagwa, yameshikamana na mizizi ya manyoya. Hakuna kidonda kikubwa. Haijikuni sana. Inakula vizuri. Ugonjwa wa namna hii unajulikana sana na waganga wa nyama: ni chunusi ya kidevu ya paka. Ndiyo, chunusi, karibu sawasawa na ile tunayoijua sisi wenyewe mbele ya kioo.

Namna inavyotokea ni hii. Kila unywele unatoka ndani ya tundu dogo la ngozi, na kando ya tundu lile kuna tezi inayotoa mafuta. Kwa kidevu cha paka tezi hizi ni nyingi na kubwa kuliko mahali pengine, juu ya paka inatumia kidevu kuacha harufu yake: mumeiona ikijisugua kwa mulango na kwa miguu ya meza, na mukafikiri inawapenda tu. Mafuta yale yakichanganyika na ngozi kavu inayobanduka, tundu linazibwa kama vile chupa na kizibo. Kizibo kikipata hewa kinageuka cheusi. Kwa hiyo weusi ule si uchafu wa jikoni, na kusugua kwa nguvu hakuuondoi. Tena ulimi wa paka, ambao unasafisha mwili wote, haufiki vizuri chini ya kidevu. Ndiyo sababu ugonjwa unapenda kukaa pale.

Je, inaambukiza? Hapana. Chunusi ya paka haiendi kwa mutu, wala kwa paka nyingine. Chunusi za wanafunzi wakubwa zinatoka kwa miaka yao, na paka haina deni.

Sababu za kuzibwa kwa matundu ni mbalimbali: tezi zenye kutoa mafuta kupita kiasi, mwili usiopatana na kitu fulani, paka yenye kusumbuliwa na hofu, na zaidi sahani inamokula. Jambo la sahani tunataka kulikazia. Paka ya depo inakula ndani ya kopo ya plastiki iliyokatwa, ambayo zamani ilikuwa bidoni ya mafuta. Plastiki inakwaruzwa upesi, na ndani ya mikwaruzo ile mafuta na vijidudu vinajificha hata kama unaosha. Kila mara paka inapokula, kidevu kinalala ndani ya mafuta hayo. Waganga wa nyama wanashauri kubadilisha chombo kwanza, kabla ya kutafuta dawa: sahani ya chuma, ya kioo ao ya emaye isiyobanduka, pana na isiyo na kina, nayo ioshwe kila siku na sabuni na maji ya moto. Ni kazi ya bei ya bure, lakini paka nyingi zinapona kwa hiyo tu.

Kisha kuosha kidevu. Chemsha nusu litre ya maji, tia munyu kijiko kidogo kimoja cha chai kisicho na kilima, ngojea maji yapoe mpaka yavumilike juu ya ngozi ya mukono wako upande wa ndani. Chovya kitambaa safi, kiweke juu ya kidevu dakika tano, mara mbili kwa siku. Joto linalainisha vile vizibo na vinatoka vyenyewe polepole. Halafu kausha vizuri, juu ya ngozi inayobaki maji inaharibika zaidi. Usikamue. Tunarudilia: usikamue! Ukikamua, kizibo kinapasuka ndani ya ngozi, vijidudu vinaingia, na chunusi ndogo inakuwa jipu. Munajua wenyewe, wamoja wenu wana alama kwa uso. Kupona si kazi ya siku mbili, ni ya majuma, na kwa paka zingine madoa yanarudi kila wakati, basi unaosha tena. Madoa machache yasiyouma hayahitaji hata dawa.

Hali inabadilika kama kidevu kinavimba, kinatoa usaha ao damu, ao paka inakataa kuguswa na kuacha kula. Hapo vijidudu vimeingia ndani, maji ya munyu hayatoshi, na inafaa munganga wa nyama aione, atoe dawa ya kuosha ao antibiotiki kwa kipimo cha paka. Si kwa kipimo cha mutu.

Sasa tuje kwa madawa ambayo watu wanatia ovyo. Hapa ndipo tuliogopa zaidi, kuliko ugonjwa wenyewe. Paka ni nyama inayojilamba. Kila kitu unachopakaa juu ya ngozi yake kitaingia tumboni mwake kabla ya jioni. Na ini ya paka haina nguvu ya kuvunja sumu nyingi ambazo ini ya mutu ao ya imbwa inazivunja. Kwa hiyo mafuta ya motere, petroli ya taa, krezili ya choo, na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe ndani ya maji, hizo zote zinaweza kuchoma ngozi na ulimi na kuua paka. Dawa ya kupe ya ngombe ao ya imbwa iliyo na permetrini inaitetemesha mwili wote mpaka kufa. Pomade za chunusi za watu ni kali mno kwake. Na kibonge cha parasetamoli, ambacho sisi tunameza kwa kichwa kuuma, kimoja tu kinaweza kuua paka nzima. Kuna mwanafunzi aliyeuliza kwa roho njema kama angeipatia kipande. Tunamushukuru kwa kuuliza.

Yale mafuta ya motere tuliyaondoa hivi: tuliifunga paka ndani ya kitambaa isijilambe, tukapakaa mafuta kidogo ya kupikia ili yalainishe yale meusi, kisha tukaosha na sabuni nyepesi na maji ya vuguvugu mara mbili. Watu watatu walikwaruzwa. Waliosha mikono na sabuni mara moja.

Lakini si kila kitu kwa ngozi ya paka ni chunusi, na hapa inafaa kufungua macho, juu ya magonjwa mengine yanafanana na yanakuja kwetu. Jaribio la kwanza ni rahisi: chukua punje nyeusi chache, ziweke juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Zikiacha rangi nyekundu sawa na kutu, ni mavi ya viroboto, ambayo ni damu iliyokauka, na kazi yako ni kupigana na viroboto. Zisipotoa rangi ile, ni vizibo vya chunusi. Tulifanya jaribio hili kwa paka ya depo mbele ya wanafunzi wa biolojia, karatasi ilibaki nyeupe.

Choa, ndugu ya ile tunayoiona kwa vichwa vya watoto, inaonekana namna nyingine. Manyoya yanaanguka kwa duara, ngozi inakuwa na maganda ya kijivu, hasa kwa uso, masikio na miguu ya mbele. Mara nyingi paka haijikuni, inacheza tu. Kinachoileta ni kuvu inayoitwa Microsporum canis, nayo inaambukiza watu, zaidi watoto. Mbegu zake zinaweza kukaa zaidi ya mwaka mumoja ndani ya blanketi na vumbi. Wadogo wa mwaka wa saba wanaolala na paka ndani ya blanketi, tumewasikia na tunajua vitanda vyao, wasome mistari hii mara mbili. Mwenye kuona duara nyekundu yenye maganda juu ya mukono ao shingo aende kwa dispanseri. Choa ya mutu inaponeshwa na pomade, lakini ile ya kichwani inaomba vibonge, wala asifiche.

Upele wa paka unaanza kwa ukingo wa masikio, halafu uso na shingo. Ngozi inakuwa nene, yenye magamba, na paka inajikuna usiku na mchana mpaka damu. Ni kadudu kadogo kanakochimba ngozi, Notoedres cati. Kanaweza kuruka kwa mutu na kumuwasha siku chache, lakini hakadumu kwake. Dawa iko, kwa mukono wa munganga wa nyama. Paka nyeupe nayo, kwa jua hili letu la ekwateri, ikipata kidonda kwa ncha ya sikio ambacho hakiponi, si choa wala upele. Mara nyingi ni kansa ya ngozi inayoletwa na jua, na inakatwa mapema ao haikatwi tena.

Jambo la mwisho ndilo zito. Sisi tuko Ituri, na tauni iko hapa. Mwaka 2020 ilitokea tena katika zone ya afya ya Rethy, na watu walikufa. Paka inaweza kupata tauni kwa kula panya mugonjwa ao kwa kuumwa na viroboto vyake. Na alama yake ya kwanza mara nyingi iko palepale karibu na kidevu: uvimbe mukubwa chini ya taya, moto mwilini, paka inalala tu na haili, uvimbe unapasuka na kutoa usaha. Inchini Marekani, toka 1977 mpaka 1998, watu 23 walipata tauni kutoka kwa paka, na watano kati yao walikufa. Basi paka yenye uvimbe wa namna hii haishikwi, haioshwi, haikamuliwi, haitupwi. Inafungiwa mahali peke yake na habari inapelekwa kwa santa ya afya siku ile ile. Vilevile mukikuta panya wengi wamekufa bila kuuawa na mutu, musiwaguse, museme. Mutu mwenye homa kali ya ghafla pamoja na uvimbe wa kinena, kwapa ao shingo asingojee kesho; tauni inaponeshwa na antibiotiki kama inashikwa mapema.

Na paka ambayo tabia yake imegeuka, inatokwa mate, inarukia watu bila sababu, ile musiiguse hata kidogo. Mwenye kuumwa ao kukwaruzwa nayo aoshe kidonda na maji na sabuni dakika kumi na tano, halafu hospitali kwa shindano, bila kungojea.

Paka ya depo haina uvimbe, haina moto, haina duara. Ina madoa meusi tu. Kwa sababu hiyo komite, pamoja na mwalimu wa biolojia na mupishi, imekubali ibaki. Kopo ya plastiki imekwisha kutupwa, mupishi ametoa sahani ya emaye. Kidevu kitaoshwa asubuhi mbele ya kengele ya kwanza na jioni mbele ya etude, na wanafunzi wawili wa mwaka wa tano, wale wasioogopa makucha, mpaka madoa yapungue. Wengine hawana ruhusa ya kuipakaa kitu chochote. Paka hairuhusiwi kuingia vyumba vya kulala. Na mahindi, kwa kuwa paka moja haiwezi panya wote, yatahamishwa juma hili toka mifuko kwenda ndani ya mapipa yenye kufunikwa: tunahitaji wavulana kumi na wasichana kumi, siku ya posho saa nane, nyuma ya depo. Mwenye ndoo alete ndoo.